Ile Hela Itume Namba Hii: Mjadala wa Nani Alaumiwe

Mtu akitapeliwa kwa simu, neno la kwanza analolipata kwa majirani ni kwamba tamaa imemponza. Linasemwa kijiweni, linasemwa kwenye daladala, linasemwa hata sebuleni kwa aliyeibiwa huku mwenyewe bado analia. Naliona neno hilo kuwa na madhara makubwa kuliko wanavyodhani wanaolisema, na ndiyo maana nimeliweka hapa lijadiliwe. Wasemaji ni wanne, nimewajenga kutokana na sauti ninazozisikia kila jambo hili linapozuka: mwalimu mstaafu, mama lishe wa stendi ya Msamvu mjini Morogoro, dada wakala wa huduma za fedha, na kijana fundi simu ambaye zamani alikuwa akisajili laini chini ya mwamvuli. Sikuwaweka Morogoro kwa kubahatisha. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimeutaja mkoa huo mara kadhaa, pamoja na Rukwa, miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu.

Mwalimu ndiye mtetezi wa hoja ya tamaa, basi aanze yeye.

MWALIMU: Sitazunguka. Tamaa mbele, mauti nyuma; wazee hawakukosea. Niliuona ule mradi wa upatu wa DECI kwa macho yangu. Watu waliuza mali, wakachukua mikopo, wakaenda "kupanda mbegu" ili wavune zaidi ya walichopanda bila kutoa jasho. Ilipokuja kusimamishwa mwaka 2009, mavuno yakawa machozi. Tukadhani tumejifunza. Mwaka 2025 ikazuka LBL, safari hii iko ndani ya simu: unaweka fedha, unatazama video, unalipwa. Nauliza, video ninayoitazama mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka inamwingizia nani fedha hata anilipe? Hakuna. Anayelipwa leo analipwa kwa fedha ya anayejiunga leo, na siku wageni wakiisha, na malipo yanaisha. Mtu mzima asiyetaka kujiuliza swali hilo kwa sababu jibu litamnyima faida, tusimwonee huruma kupita kiasi.

MAMA LISHE: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mama.

MAMA LISHE: Hayo ya kupanda mbegu nakubaliana nawe. Nakuongezea wale wanaoandika kwamba umechaguliwa kujiunga na Freemason upewe utajiri, toa kwanza ada ya fomu. Nakuongezea kurasa za mikopo zenye picha ya kiongozi wa nchi: jaza jina, tuma elfu thelathini ya bima, mkopo unaingia leo. Hauingii. Mkopeshaji wa kweli hakuombi hela kabla hajakupa hela. Lakini mimi sikutafuta utajiri, Mwalimu. Mimi nilikuwa nalipa kodi ya nyumba.

Mwenye nyumba alinipigia asubuhi, anataka ya miezi mitatu. Nikamwambia jioni utaipata. Saa saba mchana, mabasi ya mikoani yamesimama, watu wamejazana wanataka wali, mkono mmoja una mwiko, simu ikalia, ujumbe umeingia. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja," kisha jina la mwanamke. Nikajua ni la mkewe. Nikatuma laki na nusu yote. Jioni mwenye nyumba akanipigia tena: "Mama, mbona kimya?" Miguu iliniisha nguvu.

MWALIMU: Pole sana. Lakini kwa nini hukumpigia kwanza?

MAMA LISHE: Kwa sababu unapodaiwa kodi hutamani kuisikia sauti ya mwenye nyumba. Ule ujumbe ulinipa njia ya kulipa bila kugombezwa. Nilifurahi kuupata, Mwalimu. Nilifurahi.

WAKALA: Naomba nidakie hapo. Aliyeandika ujumbe ule hamjui mama, hajui kama anadaiwa, hajui kama ana nyumba. Anautuma kwa namba nyingi, zozote zile, maneno yaleyale. Wengi wanaufuta. Lakini katika watu wengi namna hiyo hakosekani mmoja ambaye saa hiyohiyo ana hela ya kumtumia mtu: kodi, ada, mchango wa harusi, hela ya mbolea. Kwa huyo mmoja ujumbe unakuja kama vile umetoka kwa anayemngoja. Ndiyo maana hautaji jina wala kiasi. Ungetaja, ungejifichua. "Ile hela" ni ipi? Unaijua wewe mwenyewe, na unaijaza mwenyewe.

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kabla hujabonyeza namba ya siri, simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Hatua hiyo iliwekwa kutulinda. Tapeli ameigeuza: anakutajia mapema jina litakalokuja. Wewe ukiliona limekuja kweli, moyo unatulia, unasema nimehakiki. Umehakiki nini? Umehakiki kwamba tapeli anajua jina lililotumika kusajili laini anayotumia.

Wengi wetu tuna mazoea ya kulisoma jina hilo haraka kama mtu anayesaini karatasi asiyoisoma. Swali la kujiuliza si kama jina limelingana na ujumbe. Ni kama jina hilo ni la mtu unayemjua na uliyekusudia kumtumia. Kama halimo katika maisha yako, hela isitoke.

MWALIMU: Basi nikiri kwamba mama hakuwa na tamaa. Alikuwa na pupa. Lakini wapo wengi ambao…

WAKALA: Ngoja, Mwalimu, kwa heshima yako. Nikueleze ninayoyaona kibandani, uniambie tamaa iko wapi. Anakuja mzee wa watu, mkulima kutoka Mvomero, anataka kutuma laki moja. Namuuliza unamtumia nani, anasema kuna kijana kakosea kutuma hela, imeingia kwangu, analia, ni ya dawa ya mama yake, namrudishia. Naomba nione ujumbe. Umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Ujumbe wa kampuni unakuja kwa jina la huduma, M-PESA, Airtel Money na nyingine, hauji kwa namba inayoanza na sifuri saba. Namwambia baba, tuangalie salio. Tunabonyeza *150*00#, salio ni lilelile la jana. Hakuna hela iliyoingia. Ile laki aliyotaka "kurudisha" ilikuwa ya kwake, ya kuuza mahindi.

Yule mzee hakuwa mwizi. Mwenye tamaa angekaa nayo kimya. Aliyenaswa pale ni mtu mwaminifu, na alinaswa kwa uaminifu wake.

KIJANA: Na hata ikiwa hela imeingia kweli?

WAKALA: Hata ikiwa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apige simu kwa kampuni yake, kampuni irudishe muamala. Ukituma wewe, halafu yeye akaomba kampuni irudishe pia, umelipa mara mbili. Mtu mkweli hatakasirika ukimwambia hivyo. Tapeli ndiye ataanza kukufokea na kukuita mwizi.

Hapa ndipo Mwalimu alipoanza kulegea, na sikumlegeza mimi. Kazi yake ya zamani ndiyo iliyomkumbusha.

MWALIMU: Mmenitajia uaminifu, nami nimekumbuka jambo. Nilipokuwa mkuu wa shule ya bweni, alinipigia mzazi kutoka mbali, sauti inatetemeka. Anasema mwalimu, ile hela ya upasuaji nimeshatuma, mtoto anaendeleaje? Upasuaji gani? Mtoto wake nilikuwa namwona dirishani, anafagia uwanja. Mtu aliyejiita mwalimu wa zamu alikuwa amempigia, akamwambia mwanao kaanguka, yuko hospitali, daktari hagusi mpaka fedha ipatikane, dakika kumi tu. Kulikuwa na mtu mwingine nyuma yake anajifanya daktari. Mama yule aliazima kwa majirani watatu.

Hakuna tamaa pale. Nakubali. Pale ni mama.

KIJANA: Mwalimu, umeisema mwenyewe: dakika kumi. Hiyo ndiyo silaha yao. Simu zote za kitapeli ninazoletewa nizisikilize au nizisome, sijaona hata moja inayosema fikiri mpaka kesho. Laini yako inafungwa leo. Nafasi ya kazi inajazwa saa hizi, tuma ya vipimo vya afya. Mzigo wako uko bandarini, ushuru ulipwe kabla ya saa kumi. Kamanda fulani anataka kukukamata, tuyamalize sasa hivi kabla gari halijatoka. Wanajua ukikata simu na kukaa kimya dakika mbili, akili itarudi. Kwa hiyo wanang'ang'ania usikate. "Baki hewani, usikate, nakuelekeza." Ukisikia maneno hayo, kata.

Wengine wanakuelekeza ubonyeze namba. Nyota nyota 21 nyota, halafu namba yao, halafu reli. Hawakwambii kwamba hapo umezielekeza simu zako zote ziingie kwao. Benki ikikupigia kuuliza kama muamala ni wako, anapokea mwizi na kusema ndiyo. Kama umeshabonyeza, bonyeza reli reli 002 reli, uelekezaji unafutika. Wengine hawataki ubonyeze kitu, wanataka usome tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe. Hizo ni funguo za WhatsApp yako. Ukisoma tu, akaunti imehama, na jioni hiyo ndugu zako wote wa kundi la ukoo wanaombwa hela kwa jina lako na picha yako.

MAMA LISHE: Na wakijitambulisha kwamba ni kampuni ya simu? Wananitajia majina yangu yote matatu.

WAKALA: Hapa Tanzania namba ya huduma kwa wateja wa mitandao ya simu ni 100. Akikupigia mtu kwa namba ya kawaida akasema ni kampuni, siyo. Kenya nako Safaricom wametangaza kwamba wao humpigia mteja kwa 0722 000 000 tu, na ujumbe wa kitapeli unapelekwa 333. Majina yako yote matatu si siri, mama. Akijaribu tu kukutumia hela, simu yake inamwonyesha jina lako. Lakini namba ya siri, hata mimi wakala ninayekuhudumia kila siku, ukinitajia nakufokea. Hakuna mfanyakazi yeyote wa kampuni anayeihitaji.

MWALIMU: Sawa. Nimeanza kuona kwamba hoja yangu inafaa kwa DECI na haifai kwa mama wa yule mwanafunzi. Basi niwageuzie. Mwaka 2019 mwezi Mei tuliambiwa tusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Tulipanga foleni, wazee wengine wakarudishwa kwa sababu vidole vimechakaa kwa jembe. Kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tukaambiwa utapeli utapungua kwa sababu kila laini ina mwenyewe. Leo ninaletewa ujumbe kutoka kwenye laini yenye jina na kidole cha mtu. Kwa nini mwenye kidole hakamatwi? Wewe kijana ulikaa chini ya mwamvuli. Tujibu.

KIJANA: Nitajibu, Mwalimu, ingawa halinifurahishi. Mara nyingi mwenye kidole hajui. Anakuja bibi kutoka kijijini, laini imepotea, anataka kurudisha namba yake. Msajili anamwambia weka kidole. Bibi anaweka. Mashine inasoma. Msajili anasema, "Haijasoma, bibi, mtandao unasumbua, weka tena." Anaweka. "Tena, kidole kingine." Anaweka. Bibi anaondoka na laini yake moja, anashukuru. Kwenye droo zimebaki laini nyingine zenye jina lake. Msajili analipwa kwa idadi ya laini, na huko nje kuna mtu anayenunua laini zilizokwisha kusajiliwa bila kuuliza ni za nani. Wengine hawadanganywi hata kidogo, wanapewa elfu mbili waweke kidole, na wanaweka.

MWALIMU: Na wewe ulifanya?

KIJANA: Niliona wakifanya nikanyamaza. Niliacha kazi, lakini nilinyamaza.

Maneno hayo ya "weka tena, mtandao unasumbua" ndiyo yaliyonifanya niandike mjadala huu wote. Wizi tunaoulaumu kwa tamaa ya mama lishe unaanzia mezani pa msajili, mchana kweupe, kwenye kidole cha mtu asiye na habari. Polisi wakifuatilia namba, wanamfikia bibi.

MAMA LISHE: Kwa hiyo hata mimi naweza kuwa nina laini nisizozijua?

KIJANA: Piga *106# sasa hivi. Itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho, waifute. Usiende mwamvulini. Na ukisajili laini, kidole kikikataa mara ya kwanza, uliza kwa nini kabla ya kuweka mara ya pili, kisha ukifika nyumbani kagua tena.

WAKALA: Kampuni nazo zina sehemu yao, tusizipitishe. Zinajua msajili yupi laini zake nyingi zinafungiwa kwa ulaghai. Zinaona laini iliyosajiliwa juzi inapokea hela kutoka kwa watu wasiojuana na kuzitoa hapohapo. Mimi wakala mdogo nikikosea muamala mmoja nafuatwa siku hiyohiyo. Huyo mwenye laini ya wizi aone ufuatiliaji wa haraka kama wangu.

MWALIMU: Hilo naliunga mkono bila masharti. Lakini bado nasema elimu itangulie. Ifundishwe shuleni, darasa la tano, namna ujumbe wa uongo unavyoandikwa.

MAMA LISHE: Elimu ninayo sasa, Mwalimu, nimeinunua laki na nusu. Nyumbani kwangu tumeweka sheria. Hela haiendi kwa namba mpya, hata ujumbe ukisema umetoka kwangu mimi mama yao, mpaka anayetuma apige ile namba ya zamani iliyohifadhiwa kwenye simu. Akisema namba ya zamani imeharibika, hela isubiri. Mgonjwa wa kweli ana ndugu wengine, ana jirani, ana hospitali inayojulikana. Tunapiga huko.

KIJANA: Na msitegemee kusikia sauti tu. Siku hizi programu za akili mnemba zinaiga sauti ya mtu kwa kipande kifupi alichokirekodi. Anayekupigia akasikika kama mwanao, kata, umpigie wewe kwa namba yake. Kukata si dharau.

WAKALA: Mama, nikuulize jambo nisilotaka kukuuliza mbele za watu. Ulituma saa saba. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka jikoni kwako. Kwa nini ulikuja kuniambia baada ya siku mbili?

MAMA LISHE: Nilijua utasema nini. Nilijua wote mtasema nini. Kwamba mtu mzima, na akili zake, na tamaa zake.

Kimya kilichofuata hapo ni cha Mwalimu kukijibu, na alikijibu kwa kuiondoa hoja yake.

MWALIMU: Mama, hoja yangu naiondoa kwa watu wa namna yako. Naibakiza kwa wanaopanda mbegu na kutazama video.

WAKALA: Hata hao, Mwalimu, waje waseme. Mimi najua jinsi hela inavyokwenda. Ikitoka kwako inaingia kwenye laini ya kwanza, inahamishwa ya pili, inatolewa kwa wakala mwingine mji mwingine, na inaweza kwisha ndani ya dakika chache. Kampuni inaweza kuzuia hela ambayo bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Ikishatolewa taslimu, kinachobaki ni polisi. Kwa hiyo aliyegundua saa saba na dakika tano akapiga 100 papo hapo ana matumaini. Aliyekaa siku mbili kwa aibu hana. Na akishapiga 100 aende kituo cha polisi achukue RB, yaani namba ya taarifa yake, aende na ujumbe wenyewe, asiufute kwa hasira. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini haifanyi kazi kwa malalamiko ya kijiweni.

Hukumu yangu katika mjadala huu ni hii. Tamaa ipo, na miradi ya utajiri wa haraka inaishi kwayo; na kwa upande wa mikopo ya haraka, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza mwezi Novemba 2024 majina ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali chake, kila mmoja wetu alipaswa kuisoma orodha ile kabla ya kukopa. Lakini wizi wa "ile hela", wa hela iliyokosewa, na wa mtoto aliyeanguka shuleni unakula upendo, uaminifu na woga wa watu wanaojituma. Tunapowacheka tunawafunga midomo, na mdomo ukifungwa kwa siku mbili tapeli anakuwa amemaliza kazi. Basi jirani yako akija kukwambia ameibiwa, usimuulize alikuwa anatamani nini. Muulize ametuma saa ngapi, umsaidie kupiga 100, kisha upeleke ujumbe wa tapeli na namba yake TCRA kupitia 15040.